Mzunguko Uliopotea Karizbala

2 Shahrivar, Jumamosi

Setelaiti imepita asubuhi, saa kumi na mbili na dakika kadhaa, mimi nikiwa napiga mswaki. Ndivyo ninavyoishi mwaka huu wa nne wa shahada ya uzamivu. Kila baada ya siku kumi na mbili chombo hupita juu ya mkoa wa Kerman, huimulika ardhi kwa rada na kwenda zake, nami hubaki nikisoma kilichoonekana mpaka kirudi tena.

Msimamizi wangu, Profesa Irandokht Behzadi, ametangaza tarehe ya kutetea tasnifu yangu: 20 Aban, mwezi wa nane wa kalenda yetu ya Kiirani. Alitangaza kama mtu anayeagiza chai. Kuna nafasi ya utafiti inanisubiri Munich, kwa sharti niwe na shahada mkononi kabla ya mwaka wao mpya. Zimebaki siku sabini na tisa. Nimenunua daftari hili ili baadaye nisiseme sijui muda ulikwenda wapi.

5 Shahrivar

Joto. Nimeandika kurasa mbili. Profesa amekata moja na nusu.

9 Shahrivar, Jumamosi

Kona ya sita imetoweka.

Kona ni mabati matatu tuliyoyaunga kama pembe ya chumba na kuyaelekeza angani. Wimbi la rada likigonga humo hurudi lilikotoka likiwa na nguvu, kwa hiyo kwenye picha kila kona hung'aa kama nukta ya chumvi juu ya sufuria nyeusi. Katika kijiji cha Karizbala tunazo nane, katikati ya mashamba ya pista, zile njugu za kijani. Kwenye picha ya tarehe 2 niliziona saba.

Tulikwenda na Esfandiyar, fundi wa maabara, kwenye pikapu ya buluu. Esfandiyar hawezi kuendesha gari bila kutania.

"Bi Injinia, hiyo setelaiti yako ikipita huwa inapiga honi?"

"Haipigi."

"Basi haijasajiliwa Iran."

Kona ya sita tuliikuta ina majani makavu, na juu ya majani kuku, na chini ya kuku mayai. Mwenye shamba alikuwa akipukutisha pista, chador, baibui lake, ameifunga kiunoni, fimbo mkononi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Nyie ndio wenye bati hili?"

"Ndiyo, Bi. Tulipewa ruhusa."

"Na marehemu mume wangu. Yule aliruhusu kila kitu."

Nikaanza kumweleza habari za rada. Alisikiliza mpaka mwisho, nami nikadhani ameelewa.

"Kwa hiyo kuna kitu huko juu kinamtazama kuku wangu."

"Hakimtazami kuku, Bi. Kinatazama bati."

"Kama kinatazama bati, kuku kamkosea nini?"

Esfandiyar akageuka akajifanya anakagua tairi.

Yule mama akaniongoza hadi kwenye kisima chake. Bomba la kisima lilisimama wima na kufika kifuani mwangu. Mumewe alipolichimbia miaka mitano iliyopita, alisema, mdomo wake ulikuwa sawa na ardhi.

"Watu wanasema bomba linaota," alisema.

"Bomba haliwezi kuota. Maji yanavutwa, udongo unabanana, ardhi inashuka."

"Nimekwambia watu wanasema. Sijasema mimi."

Kumbe ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, jengo refu la matofali lililo mita mia mbili kutoka shambani kwake. Anaitwa Bi Mahrokh. Akaniambia mlango wa chumba cha mashariki haufungi vizuri tangu mwezi wa Bahman, katikati ya baridi. Nikafungua ramani yangu kwenye kompyuta. Shule yote ina rangi moja. Nikamweleza kwamba jengo lote linashuka pamoja, kama trei inayowekwa mezani taratibu. Trei ikishushwa hivyo, vikombe havimwagiki.

"Trei," alisema. "Haya. Ahsante, Bi Injinia."

Njiani nilimwambia Esfandiyar kwamba mama yule ana ubishi wa kienyeji. Kwa mara ya kwanza leo, Esfandiyar hakutania.

14 Shahrivar

Setelaiti imepita. Nukta zote nane zinang'aa. Kuku amehamishiwa kwenye beseni.

20 Shahrivar

Mavuno yamepamba moto. Njia ya kuelekea kusini imejaa malori ya pista, na magari yanateleza juu ya maganda yaliyomwagika. Bi Mahrokh amenipelekea mfuko wa pista mbichi kwa mkono wa Esfandiyar, na karatasi: "Kuku anawasalimu. Ukipata nafasi, utazame na hii." Nyuma ya karatasi amechora mlango wa chumba cha mashariki na upana wa mwanya wake wa juu, mwezi baada ya mwezi tangu Bahman, kwa milimita. Amepiga mistari kwa rula.

Nimekula pista. Karatasi nimeitia ndani ya kitabu kama alama.

26 Shahrivar

Setelaiti imepita. Nimempa Profesa sura ya nne, ile ya Karizbala, ambayo nusu yake tuliichapisha jaridani mwaka jana. Ameisoma na kusema, "Inatosha." Katika miaka minne sijawahi kusikia sifa kubwa zaidi kutoka kinywani mwake.

1 Mehr, Jumatatu

Shule zimefunguliwa. Mji mzima unanukia madaftari mapya.

7 Mehr

Setelaiti imepita. Mafua.

10 Mehr, Jumatano

Nataka kuandika jambo hili polepole, ili nikilisoma kesho nisijidanganye.

Nilifungua kitabu kutafuta fomula, karatasi ya Bi Mahrokh ikaangukia mapajani. Nikaitazama kwa kuwa sikuwa na hamu ya kazi. Bahman, milimita tatu. Farvardin, nne. Khordad, sita. Tir, kumi na tatu. Mordad, ishirini na mbili. Mlango unaolegea bawaba hauanzi mbio mwezi wa Tir. Ila Tir na Mordad ndiyo miezi ya kiangazi ambayo pampu zote za Karizbala hupiga maji kutwa.

Rada haipimi umbali kama futi ya fundi. Inafanana na saa yenye mkono wa dakika peke yake. Ukiitazama unajua ni robo au nusu, ila kama ni saa tatu au saa nne, hesabu unayo wewe. Kila mzunguko mmoja wa mkono ni chini kidogo ya sentimita tatu za ardhi. Kwa kawaida hesabu ni rahisi, maana unatembea kutoka nukta hadi nukta na mkono hausogei ghafla. Lakini katikati ya Karizbala kuna ukanda wa miti, na majani hutikisika, hivyo picha hapo ni vumbi tupu. Mimi niliuruka ukanda ule. Nilipofika ng'ambo nikaukuta mkono kwenye robo ileile, nikaandika: hakuna kilichobadilika.

Je, kama ulikuwa umezunguka mzunguko mzima?

Nimerudia kulinganisha picha za kiangazi, jozi kwa jozi, safari hii nikiuzunguka ukanda kwa kupitia kona za bati badala ya kuuruka. Katika jozi tano mzunguko mmoja umepotea. Mara tano. Sentimita kumi na nne. Kuna mstari unaofuata ukanda ule: upande wake wa mashariki unashuka sentimita kumi na nne zaidi ya upande wa magharibi, na mstari wenyewe unapita chini ya shule.

Yaani hakuna trei. Kuna meza mbili zinazoachana, na shule imewekwa juu ya zote mbili.

Nimefunga kompyuta.

11 Mehr

Labda kelele za hewa. Joto la kiangazi hupinda wimbi.

12 Mehr

Si hewa. Au si hewa peke yake. Nimejipa kadirio: sita katika kumi kwamba niko sahihi leo na nilikosea mwaka jana.

Nikisema, sura ya nne inakufa, makala iliyochapishwa inakufa, 20 Aban inakufa, na Munich inakufa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kabla sijapanda ndege. Nimeliandika wazo hili ili lione aibu ya kusomwa.

13 Mehr

Sikwenda chuoni. Nimefua mapazia.

14 Mehr, Jumapili

Nilimsubiri Profesa mlangoni pa ofisi yake tangu saa mbili. Nilimpa karatasi zote, na mchoro wa mlango juu yake. Akasoma saa nzima bila kuinua uso. Chai yake ikapoa na hakuigusa.

"Umejua tangu lini?"

"Siku nne."

"Siku nne ni nyingi."

"Niliogopa, Bi Daktari."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kuikosa Munich." Nikaona nimalize. "Na wewe pia nilikuogopa."

Akavua miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, kama mtu anavyokaza misuli kabla ya sindano. Miaka minne nimemwita chuma. Nimewaambia wenzangu kwamba mwanamke yule anapenda kanuni kuliko watu.

"Makala ile ina majina mawili," alisema. "Wewe ulikosea kwa kuwa unajifunza. Mimi niliipitisha nikiwa na miaka thelathini ya kazi hii. Kosa la mwanafunzi likishapita mikononi mwangu ni langu."

Akavuta kompyuta, akawaandikia jarida mbele yangu. Sentensi mbili tu. Nilisoma begani kwake: "Matokeo yetu ya Karizbala yana kosa la kuhesabu mizunguko. Tunaomba muyaondoe." Akaituma kabla sijapata nafasi ya kusema tusubiri.

"Tarehe 20 nimeifuta. Sasa niambie, katika shule ile watoto wangapi wanakaa upande wa mashariki?"

Sikujua. Nilijua mwinuko wa kila nukta katika kijiji kile kwa milimita, ila sikujua idadi ya watoto.

"Basi kesho tunakwenda kuuliza," alisema.

15 Mehr, Jumatatu

Siku ndefu. Mkono unaniuma lakini sitaki kuiacha.

Tulifika Karizbala saa tatu na nusu. Esfandiyar aliendesha, na Profesa alikaa mbele ameshika mkoba mapajani kama mgeni anayekwenda kuposa. Bi Mahrokh alitukaribisha ofisini kwake, chumba chenye jiko la mafuta na mabunda ya vitabu. Alimimina chai, akatusogezea sahani ya kolompe, vile vibiskuti vya tende, na kuketi.

"Kuku hayumo tena," alisema.

"Hatukuja kwa ajili ya kuku, Bi Mahrokh. Nimekuja kwa ajili ya mlango wako. Nilikwambia shule inashuka kama trei. Nilikosea."

"Tulikosea," alisema Profesa.

Nikamweleza mstari, mizunguko mitano, sentimita kumi na nne. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Leo mna uhakika?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ningesema ndiyo kila kitu kingekuwa chepesi kwake. Nikamtazama Profesa anisaidie, naye akatazama dirishani, akiniachia mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Sita katika kumi."

Bi Mahrokh akachukua kipande cha sukari, akakiweka mdomoni, akanywa chai juu yake mpaka kikombe kikaisha.

"Vyumba vya mashariki ni viwili," alisema. "Wamo arobaini na mmoja. Ofisi ya elimu haitaniruhusu kuhamisha hata kiti bila karatasi yenye muhuri."

"Karatasi ya uhakika sina," alisema Profesa. "Ninaweza kukuandikia ya shaka, nitie sahihi yangu na namba ya simu yangu."

"Andika hiyo."

Profesa akaandika palepale. Bi Mahrokh akaisoma, akaikunja, akasimama na kwenda kupiga kengele, ingawa ilikuwa bado saa ya somo. Sijawahi kuona amri ikitolewa kwa maneno machache hivyo. "Mwalimu, tunahama. Meza mbili mbili, wakubwa mbele." Mavuno yamekwisha, na ghala la pista la ushirika ni tupu. Wasichana wakatoka na meza zao kama siafu wanaohama, wakicheka, wengine wakiimba. Esfandiyar alivua koti akabeba ubao mweusi mgongoni. Nami nilibeba meza kumi na tatu. Profesa, mwenye miaka sitini na mbili, alibeba kapu la chaki na hakukubali kupokewa.

Mwanamke yule hakuwa na muhuri wala ruhusa. Alikuwa na neno la mtu aliyekwisha kumkosea mara moja. Wala hakuuliza nini kitampata yeye.

Ubishi wa kienyeji, niliandika. Nauacha pale juu niuone.

19 Mehr

Setelaiti imepita. Mjumbe wa ofisi ya elimu naye amepita. Bi Mahrokh amepewa barua ya onyo. Ameibandika ghalani, na wasichana wa darasa la tano wameitumia kujifunza jinsi ya kuandika barua rasmi. Wamekuta makosa mawili ya sarufi.

24 Mehr

Anga kavu, halina hata wingu la kuombea dua. Kijijini wanauita "ufa wa Bi Injinia", maana haujaonekana na mtu isipokuwa mimi. Leo baba mmoja amenipigia simu.

"Wewe ndiye wa setelaiti? Setelaiti yako imewaona watoto wanavyokohoa kwenye vumbi la maganda?"

Nimeomba radhi. Amekata.

27 Mehr

Nimerudia hesabu yote kwa njia ya pili. Kadirio limeshuka. Nilizunguka simu kwa muda mrefu, halafu nikapiga.

"Bi Mahrokh, sikutaka kukuficha. Nilikwambia sita. Sasa ni tano."

Nilisikia sauti za wasichana wakikariri jedwali la saba nyuma yake.

"Unapanda na kushuka kama bei ya pista," alisema. "Ukifika tatu, nipigie."

1 Aban, Jumatano

Setelaiti imepita. Ofisi imetoa amri ya maandishi: Jumamosi asubuhi, tarehe 4, wasichana warudi madarasani mwao. Asiyetekeleza atasimamishwa kazi. Profesa amekwenda huko mwenyewe, akasubiri ukumbini kwa saa tatu, akaonana na naibu wa naibu. Amerudi na kikombe cha karatasi ambacho alisahau kukitupa.

"Nimewaeleza," alisema, kisha akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi bila kitu cha kusoma.

3 Aban, Ijumaa

Mawingu tangu alasiri. Mvua ya kwanza. Wenye mashamba wanashukuru, nami ninasoma makala za watu wengine, na zote zinasema jambo lilelile: nyufa za namna hii hujificha chini ya tabaka la udongo, na mara nyingi mvua ndiyo huzifunua. Nimempigia Bi Mahrokh nikamsomea. Akasema, "Nimesikia, mwanangu," kama mtu anayezima taa.

4 Aban, Jumamosi

Kesho nitaandika kwa utaratibu. Leo nitaandika jinsi linavyokuja.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa moja na nusu Bi Mahrokh alisimama mbele ya mlango wa mashariki, ufunguo mfukoni, na mjumbe wa ofisi mbele yake chini ya mwavuli. Hii nimesimuliwa na walimu wawili na baba mmoja, yule yule wa simu. Mjumbe alisoma amri kwa sauti. Bi Mahrokh akamjibu, "Nisimamishe. Lakini leo mvua inanyesha, na ufunguo huu ni wangu mpaka utakapokuja mwingine kuuchukua." Akawapeleka wasichana ghalani, akaingia nao, akaanza somo la hesabu. Mjumbe akakaa ndani ya gari lake kuandika ripoti.

Saa nne kasoro robo walisikia mlio. Mmoja alisema kama nguo nzito inayochanwa. Mjumbe ndiye aliyeona kila kitu, akiwa ameshika kalamu. Ardhi nyuma ya shule ilizama kwa mstari, mstari ukatembea hadi ukutani, na ukuta wa mashariki ukagawanyika kutoka juu mpaka chini. Sakafu ya chumba cha pili ikamezwa, na paa likafuata.

Esfandiyar aliendesha katika mvua ile. Tulipofika nilikwenda mpaka ukingoni. Ufa una upana wa mlango, unatoka kwenye mashamba, unapita chini ya miti ambayo mizizi yake sasa inaning'inia hewani, unapita shuleni, unaendelea. Uko palepale nilipouchora. Nilidhani mtu akithibitishwa kuwa sahihi hufurahi. Esfandiyar akanishika mkono, akanirudisha nyuma, akanikalisha ndani ya pikapu na kunifunika koti lake.

"Bi Injinia," alisema, "vuta pumzi. Hamna mtu humo. Hamna hata paka."

Profesa alifika na teksi, viatu vimejaa tope. Hakuja kwangu kwanza. Alimwendea Bi Mahrokh, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ghala na chaki bado mkononi, akainama akambusu bega. Bi Mahrokh akaanza kulia hapo, kwa sauti, kama mtoto, na wasichana wakaja kumzunguka wasijue la kufanya. Hata mjumbe wa ofisi aliweka mwavuli chini.

5 Aban

Nilisema nitaandika kwa utaratibu. Sina la kuongeza.

13 Aban

Setelaiti imepita. Picha zinaonyesha jeraha jeupe. Bi Mahrokh amenipigia.

"Wasichana wananiuliza ufa unakwenda wapi. Mimi sijui. Njoo uwafundishe kuupima."

20 Aban, Jumatatu

Leo ningekuwa natetea tasnifu, nimevaa viatu vipya. Nimekuwa nimepiga magoti kwenye udongo wa Karizbala na wasichana arobaini na mmoja, tukipigilia vyuma pande zote mbili za ufa, mbali na ukingo. Jozi kumi na mbili. Kila Jumamosi watapima umbali na tofauti ya kimo kati ya vyuma vya kila jozi, wawili wapime, wa tatu aandike, na wasiokubaliana warudie. Niliwaambia jinsi rada ilivyo saa yenye mkono mmoja. Msichana mmoja mwenye pengo mdomoni akauliza, "Sasa wewe ulikosea saa ngapi?" Nikamwambia, mara tano. Akaandika.

Munich wamejibu. Hawawezi kusubiri. Wamenitakia heri.

25 Aban

Setelaiti imepita. Jengo jipya limeahidiwa, upande wa magharibi kabisa. Bi Mahrokh amerudishwa kazini ambako hakuwahi kutoka, lakini barua ya onyo haijafutwa. Anasema bado ina kazi, darasa la nne hawajaifikia.

7 Azar

Setelaiti imepita. Nimeweka vipimo vya rada kando ya vile vya wasichana. Kwenye jozi kumi na moja tunakubaliana. Kwenye ya tatu wametofautiana nami milimita tisa. Nilitumia siku mbili kutafuta kosa lao. Kosa lilikuwa langu.

12 Azar

Nimempa Profesa sura ya nne mpya. Utetezi utakuwa Esfand, mwezi wa mwisho wa mwaka, Mungu akipenda. Amerudisha kurasa zote bila kukata hata mstari, nami nimezipekua mara mbili nikidhani amesahau. Ameandika mahali pamoja tu, pembeni ya sentensi yangu isemayo "vipimo vya ardhini vilichukuliwa na wanafunzi wa shule ya karibu". Ameandika: "Wana majina."

17 Azar, Jumapili

Nilimpigia Bi Mahrokh saa tatu asubuhi, nikamwomba orodha. Nilidhani atanitumia picha ya daftari la mahudhurio.

"Kwani una haraka?" alisema. "Kalamu unayo? Shika."

Akaanza kusoma kwa sauti yake ileile, jina baada ya jina, nami nikaandika. Abbasnejad, Hanane. Nikasikia kwa mbali, kutoka ndani ya ghala, sauti nyembamba: "Nipo!" Akasoma la pili. Baluch, Mahta. "Nipo!" Dehqan, Niyayesh. "Nipo, Bi!" Nilipofika jina la kumi nikaona wino umetapakaa, nikageuza ukurasa nikaendelea. Hakupumzika mpaka mwisho, na hakuna jina lililobaki bila sauti.

Arobaini na moja.